Tulikuwa tunapima uhalifu Kyerwa, mama mmoja akaniambia ameacha kwenda misibani

Wakuu salaam, na wakubwa zangu humu shikamooni.

Mimi ni msomaji wa kimya, huwa nacheka na kupita. Leo nimeamua kuandika. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, nikiongeza chumvi hata punje moja mods wanifungie.

Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji. Nilikula kiapo cha kutunza siri na bado nakiheshimu. Mama ninayemsimulia hapa amenipa ruhusa kwa mdomo wake, tena alisema, "Andika, labda kuna mwingine anajificha kama mimi."

Twende.

Mimi ni ke, mzaliwa wa Kayanga, Karagwe. Babu yangu alikuja huku na duka kutoka Tanga, akaoa, akabaki. Kwa hiyo Kinyambo changu ni cha dukani: bei naijua vizuri, mafumbo ya wazee yananipita juu.

Baada ya kukaa nyumbani na digrii yangu muda mrefu, nikapata kazi ya muda ya udadisi kwenye utafiti wa kaya kuhusu uhalifu.

Kwa wasiojua, polisi wanahesabu waliokwenda kuripoti tu. Utafiti huu unamfuata mtu nyumbani kwake na kumuuliza: wewe mwaka huu uliopita yamekukuta nini, hata kama hukumwambia mtu? Nyumba zinachaguliwa kwa bahati nasibu, na maswali ni yale yale nchi nzima. Wa Kyerwa anaulizwa anachoulizwa wa Mtwara.

Tukapangiwa kuanzia Kyerwa, halafu turudi Karagwe.

Sasa hapa nakiri dhambi yangu, wadadisi wenzangu mtanielewa.

Kwenye kishikwambi, mtu akisema "Ndiyo, niliibiwa", linafunguka pori la maswali. Lini? Wapi? Uliripoti? Kwa nini hukuripoti? Akisema "Hapana", kifaa kinaruka kurasa nzima na wewe unakaribia kwenda kula. Mdadisi mvivu anaipenda Hapana kuliko mshahara. Na mimi siku zile nilikuwa mvivu, tusidanganyane.

Halafu kuna utaratibu wa huku. Mgeni haingii kitongojini peke yake. Mwenyekiti wa kitongoji anakupeleka nyumba kwa nyumba, anakutambulisha. Shida ni kwamba akishakutambulisha haondoki! Anapewa kiti, analetewa kahawa za kutafuna kwenye jani la mgomba, anatulia.

Mimi nauliza, "Katika miezi kumi na miwili iliyopita, mmeibiwa mazao au mifugo?"

Mwenye nyumba anamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti anaangalia paa.

"Hapana waitu," ananijibu kwa heshima ya Kinyambo. "Huku kwetu ni amani tu."

Siku mbili, nyumba zote, Hapana. Nilikuwa nafurahi kama mjinga. Kusema umeibiwa mbele ya mwenyekiti ni kama kumwambia kitongoji chake kimemshinda, nani atathubutu? Mimi sikuliona hilo, au niliamua kutoliona.

Jioni ya siku ya pili msimamizi wetu akafungua kazi yangu akacheka.

"Dada, umefika peponi? Maana peponi ndiko hakuna wezi."

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kesho nihoji mtu akiwa peke yake, kama tulivyofundishwa, na zile nyumba nitazirudia. Nilikasirika sana. Nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa sahihi.

Kesho yake nikamwambia mwenyekiti, kwa adabu zote na mtandio wangu vizuri kichwani, "Mzee, naomba ukishanitambulisha utangulie nyumba inayofuata."

"Kwani mimi ndiye mwizi?"

"Hapana mzee wangu. Ndiyo sheria ya kazi, hata kwa mkuu wa wilaya ningesema hivyo."

Akaondoka amenuna. Nikabaki na Ma Koku.

Ma Koku ni mjane, wa umri wa mama yangu mzazi. Anaishi na mama mkwe wake, bibi mzee sana ambaye hawezi kutoka kitandani. Watoto wako mbali. Kibanja chao si kikubwa ila kimetunzwa, migomba imepaliwa, kahawa katikati yake, hakuna jani kavu linaloning'inia.

Tukakaa nyuma ya nyumba. Nikauliza swali la kuibiwa.

Akaangalia kwanza njia aliyoondokea mwenyekiti. Kisha akasema, "Mara mbili."

Wakuu, ngoja niwaeleze jambo moja kwa wasioijua Kagera. Huku msiba si wa familia, ni wa wote. Siku ya mazishi jembe haligusi shamba. Watu wanakwenda na ndizi, na kuni, wanakaa na mfiwa. Usipoonekana utaulizwa. Ukizoea kutoonekana, siku yako ikifika utaona.

Wezi nao wanalijua hilo. Siku ya kuzika, vibanja vyote vinabaki wazi mchana kweupe.

Mara ya kwanza Ma Koku alikwenda kumzika jirani, akarudi akakuta kahawa zake zimechumwa, mbivu na mbichi pamoja, matawi yamebaki kama kuku aliyenyonyolewa. Mara ya pili alikwenda msiba mwingine, akarudi mbuzi hayupo na mikungu mitano imekatwa. Bibi ndani alisikia migomba inaanguka. Aliita, hakuna wa kumsikia, wote walikuwa makaburini.

"Uliripoti?"

"Niripoti nini? Nimtaje nani?"

Nikaendelea. Kuna swali linasema hivi: kwa sababu ya kuogopa uhalifu, je, kuna jambo ulilokuwa ukilifanya ambalo umeacha kulifanya? Chini yake kuna majibu ya kuchagua: kutembea usiku, kutembea na simu, kuacha watoto peke yao, mambo kama hayo.

Hakuchagua hata moja. Akawa anaokota kitu kwenye kanga yake ambacho hakikuwepo.

"Nimeacha kwenda misibani, mwanangu."

Nikaacha kubonyeza.

Akaniambia yote. Ikitangazwa misiba sasa anasingizia kichwa, anasingizia bibi amezidiwa. Kumbe amekaa kwenye kibanja na fimbo, analinda. Wenzake wa chama cha kuzikana wamemwonya. Jumamosi hiyo chama kilikuwa na kikao, na jina lake lilikuwa la kufutwa.

"Si ungewaambia sababu?"

Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza ujinga.

"Nimwambie mfiwa kwamba nimeogopea kahawa? Mume wake yuko kwenye jeneza na mimi nataja kahawa? Halafu nikisema wezi wanakuja siku ya msiba, nimesema ni nani? Si nimemsema yule ambaye hakuonekana kaburini?"

Akageuka upande wa dirisha la bibi, akapunguza sauti.

"Huyu hana siku nyingi. Wakinifuta, nani ataniletea jembe? Nitamchimbia kaburi mwenyewe?"

Roho iliniuma. Nikashuka mpaka kwenye "Nyingine, taja", nikaandika: kwenda msibani.

Akaniona ninaandika. "Hilo nalo linaandikwa?"

"Linaandikwa, Ma."

"Na serikali inaliuliza kwa kila mtu? Kwamba umeacha nini kwa kuogopa wezi?"

"Kila nyumba iliyochaguliwa, nchi nzima."

Akakitazama kile kishikwambi. Nilidhani hajanielewa. Tukamaliza, nikampa karatasi yenye namba za kuomba msaada, akanifungia kahawa za kutafuna kwenye jani. Nikaenda.

Wakuu, siku zilizofuata ndizo zilizonitesa.

Mwenyekiti akiwa mbali, midomo ilifunguka. Siwezi kusema nani alisema nini, na sitasema. Ila ile "Nyingine, taja" niliiandika tena. Na tena. Kuna waliokuwa wanaondoka msibani kabla ya udongo kutupwa kaburini. Kuna waliokuwa wanabakiza mtu nyumbani na kumsingizia homa. Kila mmoja alinong'ona, na kila mmoja alidhani ni yeye tu mwenye roho ndogo kitongoji kizima.

Na mimi ndiye pekee niliyejua kwamba ni wengi.

Nilitamani kurudi mbio kwa Ma Koku nimwambie, Ma, hauko peke yako, hao wanaotaka kukufuta nao wanakimbia kabla ya sala kuisha! Nikampigia msimamizi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ukimwambia, utakuwa umewasaliti waliokuamini. Na mdadisi atakayekuja baada yako hataambiwa kitu."

Nilimchukia. Lakini nikafunga mdomo.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa bado pale kwa sababu kuna kaya moja nilikuwa sijaipata. Napita karibu na kanisa, chama kimekaa kwenye nyasi, mwenyekiti akaniita nisalimie. Siku hizo alikuwa ameshanisamehe. Yeye ndiye pia anaongoza hicho chama. Nikaambiwa nikae, mgeni hasimamishwi.

Wakafika kwa Ma Koku. Misiba aliyokosa ikasomwa mmoja mmoja. Akaulizwa kama ana neno.

Akasimama. Nilijua ataomba msamaha na kusingizia kichwa.

"Sikuumwa," akasema. "Nilikuwa nyumbani nalinda kahawa."

Kukatokea mguno. Mzee mmoja akatikisa kichwa kama aliyetukanwa.

"Ngojeni. Huyu binti alikuja kwangu na swali la serikali. Aliniuliza nimeacha kufanya nini kwa kuogopa wezi. Nimelala nalo hilo swali. Nikasema, serikali haiwezi kutunga swali kwa ajili yangu mimi mjane wa huku. Wameliuliza kwa sababu tupo wengi. Basi na mimi nawauliza ninyi, nani mwingine hapa anaondoka msibani kwa kuogopea kibanja chake?"

Wakuu, nilizika macho yangu kwenye nyasi. Kama ningeinua uso tu, mtu angesoma majina yote machoni mwangu.

Kisha mama mmoja akasema, "Mimi." Akafuata kijana mwenye pikipiki. Akafuata yule yule mzee wa kutikisa kichwa. Baadaye ikawa vurugu, kila mtu anataka kueleza alichoibiwa na siku ya msiba wa nani, wengine wanacheka, mama mmoja analia na kucheka pamoja.

Wa mwisho alikuwa mwenyekiti. Alisimama taratibu, kofia mkononi.

"Mimi nimeibiwa mbuzi wawili. Nilisema wamekufa kwa ugonjwa. Mwenyekiti ataibiwaje?"

Walicheka mpaka na yeye akacheka.

Jina la Ma Koku halikufutwa. Wakakubaliana kwamba kila mazishi, baadhi watabaki kuzunguka vibanja na filimbi, kwa zamu, na majina yao yatasomwa pamoja na ya waliochimba kaburi. Aliyelinda anahesabiwa amezika.

Mimi nikaendelea na kazi. Tukahamia Karagwe, kata ya Ndama, kisha Kanoni, na sikukaa tena na mwenyekiti yeyote kwenye mahojiano.

Siku moja mwenyekiti akanipigia. Bibi amefariki.

Nikapanda pikipiki nikaenda. Nilifika asubuhi, nikakuta wanaume wamejaa nyuma ya nyumba. Ma Koku alikuwa amekaa kwenye majani katikati ya wamama, ameinamisha kichwa. Nilipomshika mkono akanivuta karibu.

"Wameniambia niombe majembe kwa majirani," akasema. "Watu wamezidi majembe."

Akalia, na mimi nikalia naye.

Wakuu, matokeo ya utafiti bado, na sijui kama ile "Nyingine, taja" yetu itapata hata mstari mmoja kwenye ripoti. Naomba ipate. Nilichojifunza ni kwamba mtu akiulizwa vizuri, peke yake, na asihukumiwe, anaweza kupata nguvu ya kuwauliza wenzake. Kwa hiyo mdadisi akija kwako usimfukuze na Hapana ya haraka.

Kwenu huko, kuna kitu mmeacha kufanya kwa kuogopa wezi na hamjamwambia mtu? Andikeni hapa chini. Na wadadisi wenzangu wapenda Hapana, najua mmo humu, njooni mtubu.