Mama Aliyekaa Upande wa Magari

Lori hukusukuma kwanza, halafu hukuvuta. Hilo sikufundishwa na mtu. Nililijua kwa ngozi yangu, miaka ya tisini, nilipokuwa nikibeba watu kwa baiskeli mjini Kisumu. Lori likikukaribia kwa nyuma, upepo wake unakutupa kushoto, nje ya lami. Likishapita, upepo unageuka na kukuvuta kuelekea magurudumu yake ya nyuma. Ukishindana na ule wa kwanza, wa pili unakukuta umeegemea upande mbaya. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuuliza sikuacha. Siku moja huko Ahero nilimkuta dereva wa lori akinywa chai kibandani, nikamwuliza kama hutuona anapotupita.

"Nawaona mpaka mfike kwa mlango," alisema. "Baada ya hapo nawaachia Mungu."

Kabla ya baiskeli nilikuwa nimekata miwa, nimefyatua matofali, nimesukuma mkokoteni. Kila kazi niliiacha pale nilipokwisha kuielewa. Nilikuwa na chumba Nyalenda, na hakuna aliyejua saa ninazorudi. Baiskeli ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, na nyuma nilifunga kiti cha sponji kilichoshonewa plastiki nyekundu. Wanawake walikaa kiupande, na karibu wote walielekeza magoti kushoto, mbali na magari. Unambeba mtu nusu saa nzima, anapumua mgongoni mwako, na uso wake huuoni. Mkifika anashuka, anajichanganya na watu.

Mama mmoja tu ndiye aliyekaa akitazama kulia.

Alikuwa muuza samaki. Nilikuwa nikimchukua asubuhi ufukweni Dunga, samaki wakishanunuliwa kutoka kwenye mitumbwi, nikimpeleka sokoni na beseni lake la samaki wa ngege mapajani. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mama, geuka upande ule mwingine. Huku magari yatakukwaruza magoti."

"Nataka kumwona huyo anayekuja kuniua," alisema, akapanda vile vile.

Kuanzia pale lami inapoanza, karibu na Milimani, alianza kuniambia kilichokuwa nyuma yetu. Mkono wa kulia ulishika beseni, wa kushoto aliuweka bapa mgongoni mwangu. "Ndogo," alisema, nami nikajua ni gari la kawaida. "Kubwa." "Kubwa, na haina adabu." Akisema "toka," niliteremsha baiskeli kwenye mchanga mpaka gari lipite. Kati ya gari na gari aliniambia mengine: namna ya kumjua samaki aliyelala, wa jana, kwa nini omena, wale dagaa wa kuanika, ikinyeshewa haina kazi tena. Nilimwuliza maswali mpaka akacheka. "Baba, wewe ungekuwa askari ungefunga watu wote."

Ilikuwa hivyo karibu mwaka mzima. Sijui kama niliwahi kumtazama vizuri usoni. Lakini asubuhi ambayo hakuja Dunga, niliiona barabara imekuwa ndefu.

Wenzangu pale tuliposubiri abiria walikuwa wameona tunavyokwenda, na midomo yao haikujua kupumzika.

"Omera, ndugu yangu, wewe ni dereva ama ni ng'ombe ya kulima?" mmoja aliniuliza. "Mama iko nyuma inasema toka, unatoka. Inasema rudi, unarudi. Bado kiboko tu!"

Walicheka wote. Nilicheka pia, lakini neno lile lilibaki kwangu. Kwa kweli ng'ombe wa kulima huongozwa hivyo hivyo, na mtu asiyemwona.

Kesho yake mvua ilikuwa imekula ukingo wa lami. Kushuka kulikuwa kama kushuka ngazi, na kupanda tena ilibidi abiria ashuke na beseni lake, nisukume. Tulikuwa tumeshafanya hivyo mara mbili. Kwenye kona ya Milimani, penye nyumba kubwa zenye ua wa miti, alisema, "Ndogo." Halafu akasema, "Ndogo, toka."

Nilisikia. Niliwaza: hata mimi barabara hii ni yangu. Niliwaza ng'ombe.

"Toka, Baba!"

Nilikaza mikono nikabaki juu ya lami.

Kioo cha pembeni cha gari jeupe kilimpiga gotini. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mfuniko wa sufuria ulioanguka. Tulianguka kushoto, mchangani, baiskeli juu yangu, samaki wakatawanyika mpaka katikati ya barabara. Lile gari jeupe lilisimama mbele kidogo. Dereva, mtu wa makamo aliyevaa tai, alishuka, akazunguka hadi upande wa kushoto, akakinyoosha kioo chake. Akarudi kwenye usukani, akakitazama, akashuka tena kukirekebisha. Ndipo akatuangalia.

"Mnabeba watu kama mizigo," alisema, akaenda zake.

Mimi na wapita njia tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Njiani hakulia. Aliutazama mguu wake kama kitu cha mtu mwingine, kisha akaniuliza, "Ulinisikia?"

"Upepo, Mama," nilisema. "Sikusikia."

Alipotoka hospitali, binti yake alimchukua akamtunze kwake, ng'ambo ya Ahero, kwenye mashamba ya mpunga. Mimi niliendelea na kazi. Abiria walikaa magoti kushoto, kimya, na magari yalinifikia bila kutajwa jina. Nilinunua kioo kidogo nikakifunga kwenye usukani. Kilitetemeka wakati wote. Kwenye lami mbovu kilinionyesha sikio langu tu. Asubuhi nilijikuta Dunga hata siku ambazo hapakuwa na mtu wa kubeba, nikiwatazama kina mama wakichagua samaki. Hakuna aliyenijua zaidi ya kunijua kama baiskeli.

Niliwahi kuacha kazi nyingi na watu wengi bila kugeuka nyuma. Hili nalo nilijaribu kuliacha, halikukubali. Jumapili moja, baada ya miezi, nilienda.

Nyumba ya binti yake ilikuwa na alama ya mafuriko ukutani, inayofika kiunoni. Mama alikuwa uani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, anachambua mchele. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa mbele yake tukitazamana. Alikuwa mzee kuliko sauti yake.

"Mama," nilisema, "siku ile nilikusikia. Mara zote tatu."

Aliendelea kuchambua.

"Najua. Mkono wangu ulikuwa kwa mgongo yako. Nilisikia mgongo inakuwa ngumu kama mbao."

"Sasa mbona uliniuliza?"

"Nilitaka useme wewe."

Akaletewa maji ya kunawa, nami nikaletewa, tukala ugali na samaki. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu. Nilimwuliza tu kama atarudi sokoni. Akatikisa kichwa, akaonyesha goti kwa kidevu. Jua lilipoanza kupungua ukali niliaga. Alinitazama nikigeuza baiskeli, kiti chekundu kikiwa kitupu.

"Nani anakuangalilia nyuma siku hizi?"

"Hakuna, Mama."

"Basi uwe unatoka mapema."

Barabara ya kutoka Ahero kurudi Kisumu imenyooka, na magari hukimbia. Kioo nilikifungua nikakitia mfukoni. Kila nilipojisikia mgongo unakaza, nilishuka kwenye mchanga, nikasimama mpaka kinachokuja kipite. Kubwa. Ndogo. Kubwa. Nilitaja kwa sauti, bila kugeuka, nikingoja nione kama nimekisia sawa. Nilikosea mara nyingi.

Karibu na mji nilisikia kitu, nikashuka tena, nikasimama kando nimeinamisha kichwa. Ilikuwa baiskeli. Mwenyewe alinipita akicheka, mzigo wa nyasi ukiyumba nyuma yake.

"Omera, ni mimi tu!" alipiga kelele.

Nilimwangalia mpaka akapotea kwenye kona, ndipo nikaisukuma yangu kurudi juu ya lami.