Mtani wa Manyoni

Gaudensi wa Makanyagio, Mpanda, alikuwa dereva wa lori, na kama madereva wengi, safari zake aliziongezea chumvi. Alipeleka mchele wa Mwamkulu hadi Dar es Salaam, akirudi na saruji, na kila aliporudi alikaa jikoni akimsimulia mkewe Dafrosa vituo vyake. Bahari hakuisimulia. Bahari, alisema, ni maji yaliyoharibika. Alisimulia Inyonga, kwa Rafaeli muuza asali. Tabora, kwa Heri fundi matairi, mwenye kahawa chungu na maneno machungu zaidi. Na Manyoni, kwa Suzana mama lishe, Mgogo asiye na adabu hata ya kuazima.

Wote hao walikuwa watani wake. Rafaeli alikuwa babu yake kwa ukoo, ingawa umri wao ulilingana, kwa hiyo kila safari babu huyo alimdai Dafrosa: "Mke wangu unaniletea lini?" Heri alikuwa mtani wa mazoea tu. Lakini wa Suzana ulikuwa utani wenyewe, wa Wakonongo, kabila la Gaudensi, na Wagogo, tangu mababu walipopita Ugogo kwa miguu wakienda pwani na mizigo kichwani. Mbele ya wateja wake Suzana alitangaza kwamba Wakonongo hawana mama, walizaliwa na nyuki. Dafrosa, ambaye hakuwahi kuvuka mto Koga kwenda Tabora, alicheka mpaka akafuta machozi, akasema iko siku atakwenda kutukanwa yeye mwenyewe.

Siku hiyo ilikuja vibaya. Tumbo la Dafrosa liliota uvimbe, mwili ukaisha, na madaktari wa Mpanda wakasema aende hospitali kubwa ya Dar. Gaudensi aliona basi litamtesa, akamtandikia godoro ndani ya lori, nyuma ya kiti chake. Kisha akaenda uani na simu, akawapigia watu wa vituo vyake mmoja mmoja.

"Nakuja na mama watoto. Hali yake siyo nzuri. Naomba utani tuuweke pembeni."

Alidhani anamlinda. Mapenzi nayo yana ujinga wake, na wa Gaudensi ulikuwa mkubwa: tangu ugonjwa uanze, neno kifo halikuruhusiwa kuingia nyumbani kwake. Dafrosa alitaka kusema mambo yake mapema, azikwe wapi, na binti yao wa mwisho, Happiness, aleleweje. Kila alipoanza, mumewe alinyanyuka akaenda kukagua matairi yaliyokuwa mazima. Aliogopa kwamba kusikiliza ni sawa na kukubali.

Inyonga, Rafaeli alikuja mlangoni mwa lori na chupa ya asali, akiishika kwa mikono miwili. "Pole sana, mama. Mungu ni mwema." Akarudi kibandani kwake taratibu.

"Hakunidai," alisema Dafrosa.

"Labda ana haraka."

Tabora, Heri alivua kofia. Alileta kahawa, akainamisha kichwa, akasema Mungu atasaidia. Dafrosa alionja akaiacha. Miaka yote aliwajua watu hawa kwa matusi yao, na sasa walikuwa wageni wapole ambao hakuwa na neno la kuwaambia. Alijisikia mpweke kuliko alivyokuwa nyumbani.

Karibu na Itigi aliuliza, "Baba Deo, kwani mimi nimeshakufa?"

"Maneno gani hayo?"

"Watu wananisalimia kama wako mbele ya jeneza. Nataka tuongee. Nisiporudi..."

"Utarudi."

"Nasema nisipo..."

"Nimesema utarudi, Mama Deo."

Dafrosa akageukia ukutani.

Suzana wa Manyoni naye alikuwa amepigiwa simu, akajibu kwamba amesikia. Lakini kusikia si kukubali. Alitoka kibandani na mwiko mkononi, akamtazama Dafrosa akiteremshwa kwa kushikwa makwapa. Gaudensi alimtikisia kichwa, kumwomba.

"Mkonongo," alisema Suzana, "mimi nimekuagiza mke mwenza mnene anisaidie kusonga ugali, wewe unaniletea kuni? Na wewe mama, usije ukanifia hapa kwenye biashara. Sanda ninayo moja, na naipenda."

Wateja waliacha kutafuna. Hasira ilimpanda Gaudensi. Halafu akasikia kitu alichokuwa amekisahau. Dafrosa alikuwa anacheka, huku amelishika tumbo kwa sababu kicheko kilimuuma.

"Afadhali mimi kuni," alisema. "Nyie Wagogo kwa njaa yenu, hata kuni mngezitia chumvi mkala."

Suzana alimkalisha kwenye benchi, akamnywesha uji wa uwele kijiko kwa kijiko, kila kijiko na tusi lake. Dafrosa alijibu yote, na bakuli likaisha. Kisha, kwa sauti ileile ya utani, akauliza, "Nikifa utakuja?"

Gaudensi aliinua kichwa. Suzana hakushtuka.

"Nitakosaje? Nitatangulia kaburini, kama ada ya watani, nilale humo, na sitoki mpaka mumeo anipe jogoo. Tena nitaigiza sauti yako: Baba Deo, funga mlango, mbu wanaingia."

"Ni Sibwesa," alisema Dafrosa. "Siyo mjini. Sibwesa, pembeni ya kaburi la mama yangu."

"Huko mbali. Majogoo mawili."

"Utapewa. Na Happiness amalize shule. Ukisikia baba yake amepokea ng'ombe wa mahari, njoo umtukane."

"Hiyo kazi nitafanya bure."

Ugali wa Gaudensi ulipoa. Maneno yote aliyoyakimbia yalipita mbele ya macho yake yakichekwa, na mtani hakasirikiwi. Aliumia, akaona aibu, na zaidi ya yote aliona wivu: mwanamke wa kando ya barabara amepewa wosia ambao ulikuwa wake. Na hakuna aliyemnyang'anya. Aliukataa mwenyewe.

Alimpandisha mkewe garini, akamfunika miguu, wakashika njia ya Dodoma. Dafrosa alilala, au alifumba macho tu. Gaudensi aliendesha na midomo ikicheza, kama anayejaribu maneno.

"Sibwesa masika lori haliingii," alisema hatimaye.

Nyuma ya kiti Dafrosa akasema, "Basi mtanibeba."

"Tutakubeba," alisema Gaudensi, na ikabidi aegeshe lori pembeni, maana barabara ilikuwa haionekani.