Msabaha na Kiti cha Bodi ya Amana

Msabaha alizaliwa Wete, Pemba. Alifika Guangzhou, China, kutafuta matairi ya malori, biashara ikamtupa, akaona haya kurudi mikono mitupu, akabaki. Hayo alinieleza mwenyewe siku ya kwanza tulipokutana kwenye kiwanda kimoja huko Xintang. Suruali za jinzi zilikuwa zimerundikwa mpaka dirishani, mwenye kiwanda ananionyesha bei kwa vidole, nami sijui neno la Kichina zaidi ya salamu. Msabaha alikuwa amekuja kwa shughuli za mtu mwingine. Alinitazama ninavyogeuza suruali moja baada ya nyingine, kisha akasema, "Dada, hizo za juu wamekuwekea wewe uzione. Hebu fungua katoni ya chini kabisa."

Nikafungua. Zipu zilikuwa za rangi mbili tofauti, na mifuko mingine haikushonwa.

Tangu siku hiyo nilimwachia yeye amana yangu. Labda nieleze, maana watu wa nyumbani huniuliza. Mfanyabiashara anatoka Dar, anaweka oda, analipa kiasi kidogo, viza inakwisha, anarudi. Mzigo haujashonwa. Lazima amwache mtu wa kuukagua ukiisha, kumalizia malipo na kusimamia kontena likipakiwa. Huyo tunamwita mtunza amana. Kazi yake haina kibao mlangoni wala risiti ya serikali. Ina uso wake tu, na simu yake isizimwe.

Simu ya Msabaha haikuzimwa. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, anatembea upande wa ukutani kama anayeogopa kumpiga mtu kikumbo. Chumba chake kilikuwa mtaa wa Xiaobei, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Alijipikia wali na samaki, na kila Ijumaa baada ya swala alimpigia mkewe aliyeko Wete, akimsikiliza kwa muda mrefu bila kujibu. Kule Liuhua, kwenye maduka ya viatu, wauzaji walimjua wote. Alikuwa na namna ya kusema "mei you", yaani hakuna, kwa uso wa msiba kabisa, mpaka mwenye duka anashusha bei bila kuombwa tena.

Mimi ni mtu wa kuchungulia. Nina mtoto mmoja, Swalha, aliyepata ufadhili wa kusoma mambo ya fedha katika chuo cha hapo, na mama mwenye binti nchi ya watu hujifunza kutazama kila kitu. Kila nilipopanda chumbani kwa Msabaha kumpelekea fedha, nilizungusha macho nione anaziweka wapi. Kitanda, sufuria, begi, mswala. Sikupata kuona.

Mwaka 2007 wafanyabiashara wetu walikuwa na Umoja wao, na Umoja huo ulikuwa umeunda Bodi ya Amana. Ilitokana na mtunzaji mmoja aliyeondoka na fedha za watu akaiacha namba yake inaita hewani. Bodi ilikuwa na watu watatu. Kazi yao kuwapitia watunzaji wote, kuwauliza fedha ya fulani iko wapi, na kumsimamisha anayebabaika. Walipewa posho kutoka kwenye ada za wanachama. Mmoja wa watatu hao alirudi nyumbani moja kwa moja, kiti kikabaki wazi. Mwenyekiti wa Umoja, Bi Hafidha, akamteua Msabaha.

Lakini mwenyekiti anateua tu. Anayethibitisha ni baraza la wajumbe: wa Unguja na Pemba, wa Dar, wa bara, na wa wanafunzi. Mjumbe wa wanafunzi alikuwa Swalha wangu, na hilo lilininyima usingizi. Binti yangu ana akili, ila hana breki.

Kulikuwa na sharti moja. Mteule lazima awarudishie watu amana zao zote kabla ya kuulizwa maswali, kwa kuwa huwezi kuwakagua watunzaji nawe ni mtunzaji. Naye Msabaha hakuwa na riziki nyingine.

"Na wakimkataa?" nilimuuliza Swalha usiku ule tukikunja nguo zake.

"Wakimkataa amekataliwa, mama."

"Kiti hana, kazi hana. Nani atampelekea tena fedha mtu aliyekataliwa mbele za watu?"

"Ndiyo maana wanaita kuthibitishwa," alisema. "Ingekuwa ni sherehe wangetuletea keki."

Jumapili tukakusanyika ghorofani kwenye mgahawa wa Waislamu wa Kichina tuliozoea kula tambi zao. Asubuhi hiyohiyo Msabaha alikuwa amezunguka kurudisha amana, kwa hiyo kila mtu alikuja na fedha zake, maana nani angeziacha hotelini? Nilikuwa sijawahi kuona mkutano wa namna ile. Watu wamekumbatia mabegi mapajani kama watoto wachanga. Anayekwenda chooni anakwenda nalo.

Yangu ilikuwa kwenye kitambaa changu cha kanga, nimekifunga mwenyewe kwa fundo la bibi yangu, lile la kupitisha ncha mara mbili chini. Fundo lilikuwa vilevile. Nikaangalia wenzangu. Medard, mfanyabiashara wa Bukoba anayenunua vitambaa kule Kangle, alikuwa na bahasha nyeupe mpya. Mama mmoja wa Tanga, bahasha nyeupe mpya. Wa mbele yake, bahasha. Nikajiuliza, mbona yangu peke yake imebaki kwenye nguo yake?

Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kujua tu. Swalha alikuwa amekaa mbele yangu, nikamnong'oneza, "Yangu hakuifungua. Hao wote wamebadilishiwa. Kwa nini?"

Aligeuka akalitazama fundo, akazitazama bahasha. Nikaujua uso ule. Nikamvuta upindo wa gauni, lakini nilikuwa nimechelewa.

Bi Hafidha alifungua kikao kwa dua. Akasema mteule wetu anafahamika, mtu wa watu, wala haoni haja ya maneno mengi. Mjumbe wa Dar akauliza kama Msabaha anasoma Kichina. Akajibu anasoma namba na majina ya barabara. Mjumbe wa bara akauliza kama ataweza kumkagua Mpemba mwenzake. "Huyo ndiye nitaanza naye," alisema Msabaha, "maana najua anapoficha." Watu wakacheka, mabegi yakatikisika. Nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Swalha akanyoosha mkono.

"Mjomba Msabaha, mama yangu hapa anauliza." Nilitamani sakafu inimeze. "Amana yake imerudi na fundo lake mwenyewe. Za wengine zimerudi kwenye bahasha mpya. Fedha zao za kwanza zilikwenda wapi?"

Chini jikoni tulisikia mpishi anapiga unga mezani.

Msabaha alisimama. Hakunitazama kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mama Swalha aliponipa alisema, usiziguse mpaka nikwambie. Sikuzigusa," alisema. "Kwa za wengine, ilitokea kontena linafungwa, fedha ya mwenye mzigo haijafika kutoka nyumbani, na bosi wa kiwanda hataki kupakia mpaka alipwe. Nilipiga simu. Nilisema, fulani, naomba nimsitiri mwenzio kwa yako, siku mbili tatu. Wakaniruhusu. Ilipofika ya mwenyewe, nikairudisha ya mwenzake."

"Wote waliruhusu?" aliuliza Swalha.

Msabaha akashika ukingo wa meza. Angeweza kusema ndiyo. Mimi nilikuwa namtazama midomo, na nilijua angeweza. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

"Wote isipokuwa mmoja. Ndugu Medard alikuwa kwenye ndege. Nilipiga, haikupatikana. Lori liko mlangoni Xintang, meli inafunga kupokea jioni ile. Nikachukua. Aliposhuka ndege fedha zake zilikuwa zimesharudi, wala sikumwambia."

Medard aliinua bahasha yake akaitazama huku na huku. "Kumbe," alisema. "Nami nilikuwa nawaambia watu, Msabaha mstaarabu, hata noti ananibadilishia mpya."

Wachache walicheka, kisha wakaacha.

"Mzigo ulikuwa wa nani?" akauliza Bi Hafidha.

"Hilo sitalisema, Bi. Aliyesitiriwa hakujua fedha ilikotoka."

Nikawaona watu wanatazamana. Kila mmoja anapiga hesabu ya makontena yake, kama lile lilikuwa lake. Hata mimi.

Mjumbe wa Unguja akasema hapana hasara iliyotokea, mbona tunalikuza jambo. Mjumbe wa bara akasema hasara haikutokea kwa sababu meli haikuzama. Yule wa Unguja akamwambia, "Wewe hata ukila wali unauliza samaki alikufa kwa ugonjwa gani." Bi Hafidha akagonga kijiko kwenye glasi.

Swalha alikuwa bado amesimama. "Swali la mwisho, mjomba. Ukiwa kwenye bodi, na ukakuta mtunzaji mwingine amefanya hivyo, amechukua bila ruhusa akarudisha, ungemfanya nini?"

Alijipangusa uso kwa kiganja.

"Ningemsimamisha, mwanangu."

"Ahsante," alisema Swalha, akakaa. Aliikalia mikono yake.

Wakamwomba Msabaha atoke. Alikwenda kusimama ngazini, mgongo ukutani. Kura ilipigwa kwa mikono, na mikono ya kukataa ilikuwa mingi zaidi. Wa Swalha ulikuwamo, na wa Medard, ambaye siku hiyo alikalia kiti cha mjumbe wa pili wa bara aliyesafiri. Bi Hafidha mwenyewe alikwenda kumwita na kumwambia. Msabaha aliitikia kwa kichwa, akasema amesikia, akachukua kofia yake mezani.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo nalifikiria.

Kikao kimefungwa, lakini hakuna aliyeondoka. Watu wamesimama na mabegi yao. Wengi viza zao zilikuwa ukingoni. Nguo ziko viwandani, hazijakwisha. Kila mtu anamtazama mwenzake, kisha anatazama mlango, na mlangoni amesimama Msabaha anavaa kofia yake. Watunzaji wengine walikuwapo, ila nani aliwahi kuulizwa maswali yale? Nani alijua wao wangejibu nini?

Medard ndiye aliyekwenda wa kwanza. Alimnyooshea ile bahasha.

"Kitambaa changu cha Kangle kinapakiwa Jumatano," alisema.

Bi Hafidha alishangaa. "Medard, si umenyoosha mkono kumkataa sasa hivi? Sisi sote tumekuona."

"Nimemkataa kukagua wenzake, Bi Hafidha. Kutunza sikuulizwa."

"Huo ni ukichaa."

"Labda. Lakini aliyeniibia asinirudishie simjui bado, na aliyeniibia akanirudishia ndiye huyu hapa."

Msabaha hakuipokea. Bahasha ilibaki inaning'inia kati yao, na nikaona watu wote wamesogea. Nikasogea nami, maana nilitaka kuona uso wake. Ulikuwa umechoka, na machoni kulikuwa na kitu kama hasira, nilichokiona kwake kwa mara ya kwanza.

"Sipokei hivihivi tena," alisema. "Kila mtu aseme hapa, wenzake wanasikia. Niguse au nisiguse. Na akisema niguse, aseme mpaka kwa kiasi gani, na nisipompata kwenye simu nifanye nini."

"Kama kiapo," alisema mama wa Tanga.

"Kama chochote mtakachokiita. Na mjumbe wa wanafunzi awe shahidi, maana yeye hasahau."

Swalha alinitazama mimi, kama alipokuwa mdogo akiitwa ubaoni. Nikamwonyesha kwa kidevu, nenda. Akaenda kusimama kando ya Msabaha.

Medard akasema, "Yangu usiguse. Meli na iende." Msabaha akapokea. Mama wa Tanga akasema gusa nusu, usiponipata mpigie mwanangu. Akapokea. Mmoja akaghairi, akaondoka na begi lake, hakuna aliyemlaumu. Wengine wakafuata, na mpishi akapanda kuuliza kwa Kichina kama tunataka kula au tunataka kulala hapo.

Ikafika zamu yangu.

"Mama Swalha," alisema. "Yako ni ileile, nisiguse?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo, ileile. Badala yake nikajikuta nafikiria lile lori mlangoni Xintang, na mtu aliyeko Dar asiyejua kwamba suruali zake zinasubiri barazani. Nikafikiria kwamba huyo mtu angeweza kuwa mimi, na sitaambiwa kamwe.

"Nipigie kwanza," nilisema. "Nikikubali sawa. Nikikataa usininunie. Usiponipata, usiguse."

"Sitanuna, dada."

Akageuka kwa Swalha. "Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Tuliteremka ngazi mimi na binti yangu tukiwa mikono mitupu, wepesi kama watu waliotoka kuoga. Nje watu wa Xiaobei walikuwa wanapita na mikokoteni ya maboksi. Tulipofika kituo cha basi Swalha akaniuliza.

"Mama, huogopi?"

"Naogopa," nilimwambia. "Lakini nataka kuona kama atanipigia simu."