Baba Alipokuwa Raia wa Mbinguni

Baba yangu aliokoka msimu wa kupanda maharage, na kwa kuwa ni mtu asiyejua kufanya jambo nusu nusu, hakuacha dhambi peke yake. Aliacha na serikali.

Mchungaji aliyekuja kufungua kanisa kwenye kilima chetu, kati ya Kibondo na Kasulu, alifundisha kwamba aliyekombolewa kwa damu hana bwana mwingine. Kwa hiyo hakuna kupiga kura, hakuna mkutano wa kijiji, hakuna kitambulisho cha taifa. Siku ya ubatizo walikusanya kadi zao zote kwenye karai wakazimwagia mafuta ya taa. Ya baba iligoma kuwaka, ikabidi aipulizie. Mama alikuwa amesimama kando na kikapu cha mihogo. Akaninong'oneza, "Mwangalie baba yako anavyohangaika kuwa huru."

Uhuru wenyewe haukumaliza mwezi. Ikaonekana kwamba waliokombolewa nao wanahitaji utaratibu. Akapatikana mwenyekiti, bwana mmoja aliyekuwa ameshindwa uchaguzi wa kitongoji kila alipogombea. Akapatikana katibu, na mzee wa nidhamu. Muhuri ulichongwa kwenye soli ya yeboyebo, na uligonga vizuri kuliko ule wa kijiji. Aliyetaka kwenda gulioni Kasulu alihitaji kibali cha wazee wa kanisa, na aliyetaka kuoza binti alihitaji kikao. Serikali ya dunia ilikuwa ikitusahau kuanzia masika hadi masika. Hii ya mbinguni ilipiga hodi kila jioni kuuliza kwa nini hatukuonekana kwenye maombi. Kijiji kilipoitisha msaragambo wa kuchimba mtaro wa bomba, waliokombolewa walibaki nyumbani wakiimba. Maji yalipotoka, ndoo zao ndizo zilizotangulia kwenye foleni.

Baba aliamini yote hayo kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililoniudhi. Mnafiki ukimtania ananywea. Baba nilimtania, akaniombea.

Kuna mama mmoja wa Kikongo, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, ambaye mama yangu alizoea kumuuzia mihogo. Habari zilipomfikia alimsimamisha baba njiani. "Papa, minasikia weye hautake tena karte ya serikali," akamwambia. "Sasa unipatieko miye. Miye niko naitafuta tangu nikiwa kijana." Baba akamweleza kwamba ameshaichoma. Yule mama alimtazama kwa huruma, namna watu wanavyomtazama mgonjwa, akaenda zake.

Kisha nikachaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi, nao wakataka kitambulisho cha taifa.

Kwetu huku mpakani na Burundi haitoshi mtu kuzaliwa Mtanzania, lazima athibitishwe. Wenzetu wa mikoa ya kati wanaulizwa jina. Sisi tunaulizwa babu amezikwa bonde gani. Nilikwenda mbele ya kamati ofisini kwa mtendaji wa kata: mtendaji mwenyewe, ofisa wa uhamiaji, na wazee wawili wa kijiji. Ofisa akataka nizungumze Kiha kidogo, nikazungumza. Akatikisa kichwa. "Kiha chako kina Kirundi ndani." Lugha hizo ni pacha; ni sawa na kumwambia mtu kwamba ugali wake una unga. Tatizo ni kwamba mama kweli alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa bibi yangu, kwa hiyo ushahidi wake ungenimaliza kabisa. Ofisa akafunga mjadala: nimlete baba Ijumaa, aseme kwa kinywa chake kwamba yeye ni raia wa nchi hii. Asipokuja, nafasi ya chuo apewe mwingine.

Jioni nilimweleza baba tukiwa kwenye chakula. Aliacha kula.

"Mwanangu, neno hilo siwezi kulisema. Nikilisema, nimerudi chini ya mamlaka niliyotolewa."

"Basi, baba, waombe wazee wako wanitafutie chuo cha uuguzi cha huko mbinguni. Nasikia wagonjwa ni wachache."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Baba hakucheka. Kesho yake alikwenda kuomba kibali, maana hata kwenda kujitambulisha kwa dunia kulikuwa na kibali chake. Wazee walikaa, wakaomba, wakakataa, wakagonga muhuri wa yeboyebo. Nililia kwa hasira siku nzima. Sikumsemesha tena.

Ijumaa nilikwenda peke yangu, ili angalau nikataliwe nikiwa nimesimama. Nikamkuta baba kwenye benchi la nje, amevaa shati jeupe alilobatizwa nalo, kofia magotini.

"Mzee, wewe ni raia wa nchi gani?" ofisa akamuuliza tulipoingia.

Baba aliizungusha kofia mikononi mpaka wale wazee wa kijiji wakaanza kutazamana.

"Tanzania," akasema.

"Ongeza sauti."

"Mimi ni Mtanzania. Nimezaliwa hapa, baba yangu amezikwa hapa, na huyu ni mtoto wangu."

Nilifurahi kiasi cha kutaka kumkumbatia mbele ya kamati. Njia nzima ya kurudi nilimchokoza: umeona, baba, mbingu hazijaanguka. Alitembea tu.

Jumapili mwenyekiti alitangaza kwamba ndugu yetu amerudi Misri, na baba akatolewa nje ya kanisa. Mimi nilishangilia. Nilimwambia makanisa Kasulu ni mengi kuliko maduka, achague lolote. Hakuchagua. Kila Jumapili anakwenda kwenye lile lile lililomfukuza, anakaa nje kwenye kigogo karibu na dirisha, na wenzake wakiimba ndani, yeye anaimba sauti ya pili.

Sasa mimi ni muuguzi. Likizo iliyopita nilikwenda kukaa naye pale kwenye kigogo, nimejiandaa kumtania.

"Baba, hivi bado unawaamini hawa?"

"Wanasema kweli, mwanangu," akajibu bila uchungu wowote. "Mbinguni mimi siingii tena. Nilijua hivyo kabla sijafungua mdomo siku ile."

"Sasa kwa nini ulisema?"

"Ulikuwa umesimama pale, na hukuwa na mtu mwingine."

Nilikuwa na jibu la kuchekesha tayari, nikaliacha. Ulinishika uchungu ambao sijawahi kumweleza mtu. Miaka yote hii nilidhani alinipatia kitambulisho tu. Na huyu mzee, anayeamini kwa moyo wake wote kwamba amekosa mbingu kwa ajili yangu, alinigeukia akaniuliza kama kule kazini wananipa muda wa kula.