Herufi Zilizogeuka kwenye Sarafu ya Baba

Marehemu baba alituachia sarafu ya shilingi mia yenye herufi zilizogeuka kama kwenye kioo. Siku zote alituambia ilikosewa kiwandani, na kwamba sarafu za hivyo hununuliwa ghali. Juzi baba mdogo alitoka Mang'ula kuja kuichukua akaiuze Dar, tupate simenti ya kujengea kaburi la baba.

Niliigeuzageuza dirishani. Mashine ya kiwandani ingekosea hivyo, upande mzima ungegeuka. Lakini hapa maandishi ya kawaida bado yalikuwepo, yamelala, na yale yaliyogeuka yamedidimia juu yake. Mtu aliibana kwa nguvu na sarafu nyingine baadaye, herufi za ile zikajichapa hapa.

Mimi huwa siongei mbele ya wakubwa. Nikajikaza. "Samahani baba mdogo, hii imebanwa tu. Wanunuzi wataikataa."

"Kumbe bubu wetu ana mdomo!" akasema.

Mama hakucheka. "Kwa hiyo baba yako alitudanganya?"

"Hapana, mama. Nadhani na yeye aliamini."

Nilitamani ningenyamaza. Mama aliitazama sana ile sarafu, kisha akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Shemeji, iache," akasema. "Kaburi tutajenga tukivuna mpunga."