Randu Thoya Wawili

Zipporah alikuwa mtu wa kuchukia foleni. Alizaliwa katika kijiji cha Wema, kando ya mto Tana, na mama yake aliwahi kwenda hospitali mara tatu akarudi nyumbani mara tatu bila kuonwa na mtu. Tangu hapo binti aliihesabu foleni kuwa dhambi, tena si ndogo. Alipopata kazi ya kutunza faili katika kliniki moja ndogo ya macho pale Garsen, kitu cha kwanza kilichomkera ni lile daftari kubwa la miadi. Watu walitoka Kipini na Kilelengwani wakiwa wameandikiwa siku ambayo daktari hayupo. Walikaa kwenye benchi, wakanywa maji, wakarudi walikotoka.

Daktari wa upasuaji alikuja mara moja kila miezi mitatu, kwa siku mbili. Nafasi zilikuwa ishirini. Aliyeikosa yake alikaa na mtoto wa jicho wake miezi mitatu mingine.

Zipporah akajifundisha mwenyewe, kwa video na kwa kukosea, namna ya kuunganisha folda za mtandaoni na programu ya miadi. Ilimchukua wiki nne. Mwishowe ikawa hivi: muuguzi Dinah akishampima mtu, fomu inapigwa skani na kutiwa katika folda iliyoitwa Tayari. Ikiingia humo tu, programu inasoma jina, inatafuta namba ya simu katika orodha ya wagonjwa, inapanga siku na kutuma ujumbe. Bonyeza moja kukubali, mbili kughairi. Ukighairi, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Hakuna mkono wa mtu. Siku ya kwanza ilipofanya kazi, Zipporah alikuwa hotelini anakula wali, akaona kwenye simu yake watu watano wamepangiwa bila yeye kunyanyua kidole, akacheka peke yake mpaka mwenye hoteli akamwuliza kama amepata mchumba.

Na ilifanya kazi kweli, tusimnyime mtu haki yake. Benchi lilibaki na nafasi ya kunyoosha miguu. Daftari likatumika kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Mwezi wa tisa aliletwa mzee wa Kigiriama kutoka Kilelengwani, Randu Thoya Randu, macho yote mawili yameingia weupe, mkono wake begani kwa mkewe Jumwa. Dinah alipomwambia kwamba jicho moja litapasuliwa kwanza na la pili baadaye, mzee akasema moja linamtosha, mradi liwe kabla ya mvua. Alikuwa na minazi aliyoipanda kwa mikono yake kwa miaka arobaini. Kwao mnazi una mwenyewe, hata ukisimama katika shamba la mtu mwingine, na ni yeye peke yake aliyejua upi ni wa mtoto yupi. Alitaka kupita na wanawe chini ya kila mmoja na kuuonyesha kwa kidole. Alikwisha kujaribu kwa kupapasa, lakini miti ilikuwa imekua tangu aione, na wanawe walianza kunong'onezana kwamba baba anabahatisha.

Dinah akaandika kwenye fomu namba ya simu ya jirani yao. Zipporah akaipiga skani, akamshika mzee mkono mpaka mlangoni.

"Nenda nyumbani ukapumzike, babu," alimwambia. "Ujumbe utakuja wenyewe."

Mwezi wa kumi daktari akaja, akapasua watu ishirini, akaenda zake. Siku nne baadaye Jumwa aliingia kliniki peke yake, miguu ina vumbi mpaka magotini, akauliza kwa upole kama ujumbe umepotea njiani. Mzee alikuwa anaoga alfajiri kila siku, akavaa shati lake jeupe na kukaa mlangoni, asije akaitwa akiwa mchafu.

Zipporah alifungua kompyuta bila wasiwasi. Randu Thoya Randu: ametumiwa ujumbe, ameghairi. Akaisoma namba, na haikuwa ya jirani. Alipoifuata hiyo namba nyuma, akakuta fomu ya mwezi wa sita ya kijana wa bodaboda wa Minjila, aliyekuja kutolewa mchanga jichoni. Jina lake Randu Thoya Randu.

Kwa Wagiriama, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba. Randu alimzaa Thoya, Thoya akamzaa Randu. Ukiandika majina matatu, babu na mjukuu wanalingana mpaka herufi ya mwisho. Programu ilikuta jina hilo limo tayari katika orodha, ikaichukua namba iliyokuwepo, na namba ya jirani haikuguswa kabisa. Iliambiwa ifuate jina tu, na aliyeiambia hivyo ni Zipporah, kwa sababu wazee wengi walikuja bila kitambulisho na hakutaka kuwarudisha. Hata kusema hakujua hakuweza. Yeye mwenyewe alibeba jina la bibi yake, na kwao Wema likiitwa jina hilo uani walikuwa wakiitika wawili. Kuuliza si ujinga, lakini yeye aliyeyajua haya tangu utoto hakuuliza.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mama, mtandao ulisumbua. Garsen nzima husamehe mtandao, nao hauna uso wa kuaibika. Akamtazama Jumwa, aliyekuwa bado amesimama kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Mtandao haukukosea," alisema. "Nimekosea mimi."

Kesho yake alimtafuta yule kijana pale Minjila. Randu mdogo aliukumbuka ujumbe vizuri.

"Madam, niliona imesema upasuaji, nikajua ni makosa. Mimi macho iko fiti. Nikabonyeza mbili, nikasema nafasi ipewe mwenye shida."

Alipoelezwa mwenye shida ni nani, alivua kofia yake ya pikipiki, akaivaa tena, akamwambia apande. Walikwenda mpaka Kilelengwani wakosaji wawili juu ya pikipiki moja.

Mzee aliwasikiliza akiwa na lile shati jeupe.

"Kwa hiyo niliitwa," alisema.

"Uliitwa, babu."

"Na nikakataa."

Akacheka kwa dhati, kwa sababu mjukuu aliyebeba jina lake ndiye yeye mwenyewe, na siku zote walitaniana hivyo. Jumwa, aliyezoea kumwita kijana huyo mume wangu, alimwambia mume wangu leo umenikosesha. Husemwa majuto ni mjukuu. Siku hiyo yalikuwa yamekaa kwenye mkeka yanachezea funguo za pikipiki. Kisha mzee akaacha kucheka, akauliza daktari anarudi lini. Mwezi wa kwanza, Zipporah alijibu. Akauliza mvua je. 

Mvua haikungoja mtu. Mwezi wa kumi na moja mto uliingia mashambani, na mzee na mkewe wakahamia chumba cha mjukuu huko Minjila. Maji yaliposhuka, ukingo ulikuwa umemegwa na minazi kumi na mmoja imekwenda nao.

Mwezi wa kwanza mzee alikuwa wa kwanza katika orodha. Zipporah hakuivunja mashine yake. Foleni aliichukia bado. Lakini aliongeza mwaka wa kuzaliwa, na kati ya folda ya Tayari na ule ujumbe alijiweka mwenyewe, ampigie kila mtu asikie sauti yake kwanza.

Asubuhi ya kufunguliwa bandeji, mzee alitazama kiganja chake, akamtazama Jumwa kwa muda mrefu, akamtazama mjukuu na kumwambia amekonda. Kisha akauliza yule aliyekuja kuomba radhi yuko wapi. Zipporah akasogea.

"Kumbe ni mtoto," alisema mzee. "Kwa ile sauti nilidhani ni mtu mzima, mwanangu."

Akamwuliza mjukuu kama pikipiki ina mafuta, kwani daktari akimruhusu wataanza na upande wa mashariki, wanawe waje na kamba za kufungia alama. Kijana akamkumbusha taratibu kwamba upande wa mashariki ndio ulioliwa na mto.

"Ah," alisema mzee. "Ile ilikuwa mizuri. Ningependa kuiona."

Hakumtazama mtu aliposema hivyo, na Zipporah angeona afadhali kama angemtazama. Alijua kwamba bila yeye mzee angeiona mara moja zaidi, na kwamba kosa hili halina folda ya kulitia likajimaliza lenyewe. Alirudi mezani, akavuta simu, akapiga jina lililofuata.

"Habari za asubuhi," alisema. "Naongea na Fondo yupi?"

Akasubiri ajibiwe.