Shamsa na Lile Neno "Kubwa"

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Nimetoka Muleba kuja Mafia kwa kazi ya ukarani, na miaka sita hii nimeona wajuaji wengi wakigusa kompyuta na kuiacha hoi. Lakini kwa Shamsa Abubakari nimenyoosha mikono.

Ofisi yetu ya Kilindoni hurekodi wazee wakieleza mambo ya bahari: majina ya miamba na mafungu ya mchanga, njia za nyavu, kilimo cha mwani. Mafaili yote hukaa kwenye seva moja Dar es Salaam, katika ghala linalokumbuka kila faili lilivyokuwa tangu siku ya kwanza. Ukiharibu leo, unachukua la jana. Tatizo lilikuwa uzito. Nikitaka kurekebisha aya moja tu, ghala zima linataka kushuka huku, na intaneti yetu mnaijua. Nilikuwa nagombana na skrini tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Shamsa alisomea kompyuta baada ya miaka mingi ya kufunga mwani na mama yake huko Jibondo. Alikaa siku mbili haongei na mtu, kisha akalitengenezea tawi letu la Mafia mtazamo wake: tuone mafaili tunayoyafanyia kazi tu, na video nzito zibaki Dar, zipo salama, ila zisishuke. Ulikuwa mstari mmoja tu wa maagizo: folda yoyote yenye neno "kubwa" katika jina lake isionekane. Video zote tulikuwa tumeziweka kwenye folda za jina hilo. Asubuhi ile niliwasha kompyuta, nikageuka kumimina chai, na niliporudi kazi yote imeshashuka. Nilipiga ukelele. Shamsa akacheka, "Da Jovina, kunywa chai, itapoa."

Miezi ikapita. Ndipo ikaja barua kutoka Dar: seva imejaa. Video nzito zimeshanakiliwa pembeni, na Ijumaa saa sita mchana kila faili lisiloonekana kwenye mtazamo wa tawi lolote litafutwa moja kwa moja, pamoja na kumbukumbu zake. Hatukushtuka. Tuliamini vyetu vyote vinaonekana.

Ijumaa hiyo, kama saa tano na nusu, Sabra, dada yake Shamsa, alimpitisha mama yao ofisini wakitoka kliniki. Mama yule, Bimkubwa, alipata kiharusi Ramadhani iliyopita na sauti ikaondoka. Nilimpa kiti, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia kwa macho. Nikakumbuka kwamba mwaka juzi Shamsa alimrekodi akitaja miamba yote ya kwao. Nikasema, "Tumsikilizishe sauti yake."

"Mie siiwezi sauti ile, Da Jovina," Shamsa alijibu. "Tangu augue sijaifungua."

"Fungua leo, mwenyewe yupo."

Akatafuta. Kila mzee ana folda yenye jina lake: ya Mzee Kombo ipo, ya Mzee Shaibu ipo. Ya Bimkubwa haipo. Nikawaka, nikauliza nani mwenye mkono mchafu aliyeifuta. Shamsa alikuwa anautazama ule mstari wake.

"Hakuna aliyefuta," alisema polepole. "Bimkubwa. Kubwa imo ndani ya jina. Nimemfungia mama nje kwa mkono wangu."

Rekodi yake ilikuwa sauti tupu, nyepesi, kwa hiyo haikunakiliwa pamoja na video. Saa ukutani ilisema imebaki robo. Nikampigia Emmanueli, mtunza seva wa Dar, akasema kazi imeshapangwa, mashine itaanza yenyewe. Shamsa hata hakuinua kichwa. Aliandika mstari upya: neno "kubwa" likisimama peke yake ndilo lifichwe, likiwa ndani ya jina la mtu liachwe. Akautuma. Mviringo ukazunguka, ukazunguka, nami nikisali kwa Kihaya. Zikiwa zimebaki dakika nne, folda ikatokea, na ndani yake kila toleo tangu siku ya kwanza. Mstari mmoja ulimficha mtu mzima, na mstari mmoja ukamrudisha na sauti yake. Sijui niite nini jambo hilo kama si ajabu.

Tukaifungua. "Naitwa Bimkubwa binti Kheri," sauti ikasema, nzima, yenye maringo. Mama alikodoa macho. Sauti ikaanza kutaja miamba kwa mpangilio, kama mtu anavyoipita kwa mguu maji yakitoka, na midomo ya mama ikaanza kuifuata. Shamsa alimshika goti.

"Ukishapita Mwamba Ngisi," ilisema mashine, "ndipo unafika..." Hapo, siku ile ya kurekodi, alikuwa amepumzika kuvuta pumzi.

"Wawili," ilisema sauti nyingine, ya kukwaruza, kutoka kwenye kiti.

"...Fungu la Wawili," mashine ikamalizia, nyuma yake.

Sabra akaita, "Allahu akbar!" Mimi nilipiga ishara ya msalaba, na Shamsa akasimamisha mashine, akamuuliza mama yake, "Kisha, mama?"